Imeingia?

Tangu mtendaji abandike tangazo
kwenye mlango wa banda la kupimia chai,
karatasi ndani ya nailoni, maana mvua ya Katumba haisomi,
kibanda changu hakina tena habari nyingine.
"Wakulima watarejeshewa ushuru uliozidi."
Uliozidi!
Mzee Ambokile alilirudia neno hilo mara tatu
kisha akavua kofia, kama anayepita penye msiba.

Mimi ni wakala. Nauza vocha, natoa, naweka,
na sasa nimegeuzwa kinywa cha Hazina.
Kabla sijafungua kufuli:
"Tusekile, imeingia?"
Haijaingia.
"Hebu jaribu tena, pengine ni mtandao."
Najaribu. Mtandao upo. Pesa haipo.

Haipo, lakini imeshatumika.
Mama Syabumi ameshaezeka jiko, bati nane, geji thelathini,
na ameshagombana na fundi juu ya misumari.
Lusubilo amenunua pikipiki nzima
kwa hela isiyofika tairi la nyuma;
anazungusha kidole utadhani kina ufunguo.
Mhazini wa kanisa amepiga hesabu ya fungu la kumi
wenye mafungu tisa hawajaona hata senti.
Na kwa Nsajigwa siku ya pili hawasemezani:
mume alitaja nguruwe, mke akataja ada.

Bibi Atuganile haamini.
"Mkono uliozoea kukata," anasema,
"umejifunza lini kurudisha?"
Ila ndiye aliyemtuma mjukuu, usiku, na tochi,
aniulize kama laini iliyofungwa hufufuka.

Wawili nimewafukuza.
Walileta laini za marehemu zimefungwa kwenye leso.
Nendeni Tukuyu na cheti cha kifo, niliwaambia,
utaratibu ni utaratibu.
Mmoja akanitazama tu. Nauli ya kwenda na kurudi
ingemeza alichofuata.

Ijumaa, saa nane na ushei,
simu zikaanza kulia huko shambani,
kikapuni, mfukoni, chini ya makoti ya mvua,
mlio mmoja unahama mstari hadi mstari wa chai
kama kuku walioona mwewe.
Wakaja na mabuti yao, vidole vyeusi kwa utomvu.
Elfu kumi na moja mia nne.
Elfu tisa mia sita.
Elfu ishirini na mbili, huyo ana ekari mbili na maneno mengi.
Hakuna aliyeshangilia. Hakuna aliyelia.
Mama Syabumi alihesabu, akahesabu tena,
akasema, "Misumari basi,"
akaanza kucheka, tukacheka wote mpaka kibanda kikatikisika.

Ada ya kutoa ipo palepale.
"Yaani nakatwa," akauliza Mzee Ambokile,
"ili nirudishiwe nilichokatwa?"
Sikujibu.
Kamisheni yangu inatoka humohumo.

Jioni nilishusha dirisha.
Nikatoa kitochi cha baba kwenye kopo la majani,
kimezimwa tangu matanga.
Kiliwaka kwa shida, kikatetemeka mkononi:
*Andengenye Mwaipaja, umepokea shilingi 15,200.*

Baba alikuwa na daftari.
Kila mwezi, chini ya kilo na bei,
aliandika kwa kalamu nyekundu walichomzidishia,
nasi tukamcheka: mzee, unaidai Serikali?
Nimelifungua. Ukurasa wa mwisho, jumla,
imepigiwa mistari miwili:
elfu kumi na tano mia mbili na hamsini.

Namba yake ya siri naijua.
Ni mwaka niliozaliwa.

Kitochi kipo mezani, chaji inakwisha,
nje mvua imeanza upya juu ya bati,
na kuna mtu anagonga, anauliza kwa sauti ya chini
kama ya kwake imeingia.
Nimenyamaza.
Natafuta hiyo hamsini.