Shimo la Mayai

Pale Nyawera, mkabala na duka la simenti,
kuna shimo lenye jina.
Shimo la Mayai, ndivyo linavyoitwa,
tangu Murhula atumbukie humo na pikipiki
na trei kumi na mbili zilizotoka ng'ambo ya Ruzizi.
Njano tupu barabarani. Mbwa walishukuru.

Mimi nalijua tangu halijapata jina.
Lilikuwa ufa tu,
mwembamba kama unywele kwenye sahani:
unauona, unausukuma pembeni, unaendelea kula.

Mvua ya Septemba iliuona pia.
Maji hayapigi hodi. Yalipenya chini ya lami,
yakamkuta udongo wetu mwekundu,
yuleyule anayemeza nyumba kule Kadutu usiku,
yakakaa naye, yakamlainisha.
Juu, lami iling'aa kama kawaida.

Kisha likaja fuso la Uvira,
simenti chini, watu juu ya simenti,
mbuzi mmoja juu ya watu.
Likakanyaga.
Maji yaliyobanwa yakatafuta pa kutokea,
yakatema ufani tone la tope.
Fuso la pili, tone la pili.
Kila tone, kijiko kimoja cha udongo kimeibwa chini,
hadi lami ikawa ganda la mkate usio na mkate,
na asubuhi moja ikakatika, bila kishindo,
chini ya baiskeli ya muuza maziwa.
Fuso halikuwepo. Lawama alipewa yeye.

Makantonye walikuwapo enzi za mama yangu.
Sasa nipo mimi, Nsimire, mponda mawe,
mpini wa tatu kwenye nyundo ileile.
Namwaga karai la kokoto shimoni,
nasawazisha kwa kisigino, nanyoosha mkono.
Dereva mmoja hutupa franka mia mbili,
mwingine hutupa tusi, nalo nalipokea,
halina chenji.
Kufika jioni tairi zimetapanya kokoto zote
mpaka mlangoni pa duka,
na kesho nazizoa, nazirudisha.

Julai, Ruzizi ikishuka,
mimi na Cibalonza twateremka kutafuta mawe.
Huko mwamba umetobolewa matundu,
mviringo, laini kama ndani ya kinu.
Cibalonza alizamisha mkono hadi begani,
akatoa jiwe. Duara. Yai kabisa.
"Nani aliliweka humu?"
Hatukujibu kitu. Tulitazama.
Siku moja, hata bibi za bibi zetu hawajazaliwa,
jiwe lenye pembe lilijikwaa kwenye kibonyeo kidogo.
Maji yakalizungusha. Likashindwa kutoka.
Likaanza kusaga mwamba, na mwamba ukalisaga,
likaisha, likaja jingine,
zamu kwa zamu, kama walinzi.
Tundu lilizidi kina
kwa sababu lilikuwa na kitu ndani.

Nilirudi Nyawera na karai kichwani.
Nikainama juu ya Shimo la Mayai,
nikaokota kokoto yangu ya juzi.
Naijua kazi yangu: huipasua yenye makali,
hukata mkono wa asiyezoea.
Hii ilikuwa imelainika.
Nikaokota nyingine. Nayo.
Wiki nzima tairi zilikuwa zikiisokota humo,
maji ya mvua yakisaidia,
na kingo za lami zilikuwa zimeliwa
shubiri nzima zaidi ya niliyoiacha.

Nilimwonyesha Cibalonza.
Akaigeuza kiganjani, akatazama huku na huku.
"Usiwaambie madereva," akasema.

Basi sikuwaambia. Nimekuambia wewe.
Nilimwaga karai, nikasawazisha kwa kisigino,
kwani karo ya Ntwali inadaiwa Ijumaa
na shimo tupu halilipwi.

Lile yai la Ruzizi niliondoka nalo.
Nasagia pilipili juu ya kibao cha marehemu baba,
kila jioni, palepale katikati.
Jana nilikiosha, nikakiinua kwenye mwanga wa koroboi.
Maji kidogo yalibaki,
yametuama mahali ambapo zamani
hayakuwa na pa kukaa.