Nusu Saa Mbele

Saa tisa kasoro robo usiku. Nuoro imelala,
hata kengele ya kanisa inasinzia kwenye kamba yake.
Niko jikoni na simu,
natazama vinukta vinavyopanda na kushuka
mithili ya nyayo za kondoo kwenye theluji.

Mia moja na kumi na mbili.
Mia moja na tano.
Kisha nukta zisizo na wino, viduara vitupu,
vinavyoonyesha atakapokuwa binti yangu
kabla hajafika.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.
Wingu la sukari ni lipi?
Miaka minne nimelitafuta:
jasho la shingoni, maneno yanayogongana,
hasira isiyo na mwenyewe.
Nilimtoboa vidole hadi vikawa chekeche,
nikamlisha asali gizani, kijiko kikigonga meno,
"Meza, Annica, meza mwanangu,"
naye akimeza bila kuamka.

Sasa kongosho lake lililogoma
limepata kaimu: kidude kiunoni,
ukubwa wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu.
Kila dakika tano kinapiga hesabu:
alichokula, insulini iliyo bado njiani,
mteremko wa leo na ule wa jana.
Kikiona shimo mbele, kinafunga bomba
kabla hajatumbukia.
Wala hakinywi kahawa.

Nakiri nilikionea wivu,
mimi mlinzi niliyeachishwa kazi
na bado nazunguka uzio.

Themanini na nane.
Sabini na moja.
Mshale umesimama wima, kichwa chini.
Kinabashiri hamsini. Kimefunga. Kinalia.
Nakimbia na kijiko, soksi zikiteleza kwenye vigae.

Amelalia mkono.
Mkono uleule wenye kihisi, umebanwa na godoro;
sukari haikushuka, ni ngozi iliyokabwa.
Kidude hakijui kwamba watoto hujigeuza,
kwamba leo alifunga mabao mawili
akalala kifudifudi kama aliyeshinda vita.

Namgeuza. Ananung'unika kitu kuhusu kona.
Kidole kimoja, kwa mazoea:
tone linasema mia moja na mbili.
"Vipi?" Bonaria anauliza kutoka chumba cha pili.
"Mkono tu."

Nakaa kando ya kitanda.
Dakika tano.
Nyingine tano.

Tisini na nne, kinakubali hatimaye,
na kufungua bomba taratibu.

Asali naila mwenyewe.