Msimu wa Tatu

Miezi kumi na mmoja jaji ameinua ule mkono,
karatasi imekunjwa mara mbili, mdomo umefunguka nusu,
na Wakili Yusta hajapepesa jicho.
Ndivyo walivyotuacha, na maandishi meupe: Itaendelea.
Tangu hapo Bugarika nzima ni mawakili.
Penye bomba la maji watu wanapinga hoja na ndoo kichwani;
muuza dagaa alikataa hela ya mteja
aliyesema mshtakiwa ana hatia.

Leo wamerudi.
Saa tatu kasorobo tumeshapanda mawe,
tochi za simu mbele, mbwa wa Bugumba nyuma,
hadi sebuleni kwa mama Nyanzobe, mwenye king'amuzi kilicholipiwa.
Viatu mlangoni vimelaliana kama sato kwenye beseni.
Doto kakalia ndoo. Bibi Holo kaletewa kigoda.
Na mimi, kwa heshima ya kazi yangu,
nimepewa kochi lenye springi nzima.

"Karani, wewe ndiye wa mahakamani, tuambie,
jaji akishika karatasi vile, ni kifungo au anaachiwa?"
Nacheka. Nasema kwetu baraza la ardhi hakuna muziki.
Kuna feni inayolia kwi, kwi,
faili lililovimba tumbo,
na neno moja tulilolizoea kama chumvi: imeahirishwa.
Nyundo? Miaka kumi na minne sijaiona nyundo.
Wananizomea. Wanasema nawaharibia.

Hawajui nilichopiga chapa jana mchana.
Nyanzobe Lukonge dhidi ya shemeji yake,
kiwanja na nyumba ya vyumba vitatu, Bugarika,
mpaka wa kaskazini: jiwe kubwa lililopasuka.
Kurasa saba. Ya saba niliipiga mara mbili
kwa sababu kidole kiliteleza kwenye jina lake.
Itasomwa kesho saa nne.

Nyumba ndiyo hii.
Ukuta wenye kalenda ya kiwanda cha samaki umo kurasani,
dirisha hili limo,
na mama huyu anayenimiminia chai ya tangawizi,
"Ongeza sukari, karani, usione haya,"
hajaniuliza hata kwa jicho.

Shh! Jaji anakohoa.
Chini, taa za dagaa zimetapakaa ziwani,
leo hazina mtazamaji.
Jaji anakunjua mkunjo wa kwanza.
Doto kasimama juu ya ndoo yake.
Jaji anakunjua wa pili,
anavaa miwani,
anavua miwani,
anaifuta, mshenzi huyu, anaifuta kwa joho,
halafu mlango wa mahakama unasukumwa,
shahidi mpya anaingia, amelowa mvua chapachapa,
na sebule nzima inaunguruma
kama goli limekataliwa Kirumba.

Mama Nyanzobe peke yake hakupiga kelele.
Ananisogezea sahani ya karanga,
macho yake yangali kwenye runinga,
sauti yake chini ya tangazo la sabuni:
"Karani, kama unaujua mwisho,
usiniambie.
Niache nilale usiku mmoja zaidi."

Sijui anasema mwisho upi.
Natafuna karanga. Ina mchanga.
Naimeza hivyo hivyo.