Miguu ya Nguruwe

Mama yangu, Marlys, mkata nyama wa zamu ya usiku,
huniletea miguu ya nguruwe kutoka kiwandani.
Naishona mezani, kando ya kahawa iliyopoa,
fundo, fundo, kata,
theluji ya Iowa ikiziba dirisha.

Nimeomba upasuaji, hospitali themanini na mbili.
Zilizoniita, saba.
Yule wa Ohio alisoma jina la chuo changu cha osteopathia,
akatabasamu: ninyi si wakanda migongo?
Nikameza mate. Nikasema, tunakanda pia.

Sikumwambia habari za bwana Vander Ploeg,
aliyeletwa wodini akilalamikia kiungulia;
kiganja changu kikatua tumboni, kikakuta ubao,
nikamwita daktari wa zamu kabla picha haijatoka.
Vidole vilivyozoea kusoma uti wa mgongo
havichagui pa kusoma.

Jumatatu moja ya Machi itakuja barua pepe:
umepata, au hukupata.
Mama haulizi. Anaugeuza mguu chini ya taa,
anapitisha dole gumba lenye makovu juu ya mshono.
"Huyu," asema, "angepona."
Kisha anazikata nyuzi zangu, moja moja,
anainjika sufuria.