Safu ya Nne

Miaka ishirini na mitano nilishika funguo mbili:
ya ofisi ya jimbo, Kigogo, ubavuni mwa mashine ya kusaga,
na ya droo ilimokaa kaunta buku, kwaya nne, jalada jeusi.
Jumanne na Alhamisi watu walijipanga kwenye benchi
nami niliandika: jina, mtaa, shida.
Safu ya nne, "Hatua", mara nyingi ililala nyeupe.

Mheshimiwa Mwinyigoha hakuwa mtu mbaya.
Natanguliza hilo, maana najua mtakavyosoma yanayofuata.
Siku ya kumzika mume wangu alivua viatu,
akashuka mwanandani, akampokea upande wa kichwa.
Nani katika hawa wapya ameshuka kaburi la karani?

Ukurasa wa kwanza, Novemba tisini na tano:
Bi. Tabia Mkwachu, bondeni. Kivuko.
Mtaro umekula mbao, watoto wanaruka kwenda shule.
Alisoma, akapiga mstari kwa wino mwekundu.
"Hili, Siwatu, ndilo la kwanza."

Na alilisema. Nilimsikia redioni, unga ukinitimkia masikioni:
"Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia,
ila wananchi wangu wa bondeni..."
Meza zikapigwa.
Waziri akajibu: fedha zikipatikana.
Fedha zile zilikuwa kama mwezi wa Idi,
kuna miji iliyouona, kwetu palikuwa na mawingu.

Muhula wa pili, upembuzi yakinifu:
vijana watatu wa kofia za njano
walipima mtaro kwa kamba,
wakanywa soda sita kwa jina la ofisi, wakaenda zao.

Muhula wa tatu akawa naibu waziri, wa mifugo,
miezi kumi na minne.
Hata mimi nilimpata kwa kupitia msaidizi.
Bi. Tabia alirudi. Nikaandika yaleyale kwa kalamu nyingine.

Muhula wa nne, mvua ya Desemba.
Mjukuu wa Bi. Tabia walimkuta Jangwani,
mkoba wa shule bado mgongoni.
Mheshimiwa alileta sanda na mchele,
akakaa mkekani toka adhuhuri hadi isha, simu ameizima.
Usiku akaniomba buku. Akalifungua, akalifunga.
Hakupiga mstari.
Kesho yake, kwenye safu ya nne, niliandika: Amezikwa.
Sikujua neno jingine.

Wa tano ulipita kama wali wa shughuli,
umekwisha hujauonja.
Kisha kura za maoni: yeye arobaini na moja,
kijana mmoja wa miwani mia mbili kumi na mbili.
Alipeana mikono na wote, hata na walioitazama sakafu.
Ofisini alichukua picha ya ukutani na kalamu nyekundu.

Lile bango lake la pale sheli, bati juu ya fremu ya chuma,
tabasamu la upana wa mlango wa gereji,
wana kijiweni walilishusha usiku
wakalibeba hadi mtaroni.
Ukazuka ubishi: uso juu au uso chini?
Muuza mihogo akawakata kauli:
mtu mzima hakanyagwi usoni.
Wakamlaza kifudifudi.

Ijumaa alipita hapo akitoka msikitini, kanzu ameikunja mkononi.
Nilikuwa ng'ambo na ndoo yangu.
Alifika katikati, akasimama,
akaruka kidogo, mara mbili,
kama mtu anayejaribu kitanda dukani.
"Linabeba, Siwatu," akasema.
Chini yake, macho yake yalikuwa yanatazama maji.

Buku ninalo bado. Kijana wa miwani hakuliulizia, ana kompyuta.
Juzi nilifungua ukurasa wa kwanza, kalamu mkononi.
Kivuko kipo, watoto wanapita, hilo si uongo.
Ila sijui niandike kakijenga nani.