Saa za Syahuka

Syahuka aliniuzia amplifaya yake ya besi
wiki ile alipopata kazi ya saruji kule Hima.
Kitu kidogo, kreti ya soda iliyovishwa zulia,
wati thelathini, spika ya inchi nane,
mpini umeshonwa kwa waya wa shaba.
Mgongoni kabandika karatasi, mwandiko wa bluu:
besi saa tatu,
midi saa nane,
trebo saa sita.
Na chini kabisa, herufi za kubana: kabla hujaongeza, sikiliza.

Usiku ule, chumbani kwangu Kilembe,
nikavishika vifundo vitatu
nikavisoma kama uso wa saa, namba kwa namba.
Besi kwenye tatu: kulia, imepanda.
Midi kwenye nane: kushoto chini, karibu kuzimika.
Trebo nikaisukuma iende sita, ikagoma kwenye tano.
Nikailazimisha. Ikasema tik.
Nikaiacha hapo hapo, nikamlaani fundi wa kiwandani.

Lakini utamu wake!
Chini ikanguruma, juu ikameta kama sufuria mpya,
vikombe vikaitikia kabatini.
Jirani akagonga ukuta.
Nikayahesabu kuwa makofi.

Jumamosi asubuhi, mazoezi,
stoo ya zamani ya mgodi, mabati juu, saruji chini,
soketi nzima moja tu, iliyoko konani.
Nikaisukumiza konani.
Ndungo alipokanyaga ngoma kubwa
nikatoweka.
Nilisikia paa likitetemeka, halikuwa noti yoyote,
na kucha zangu kwenye vyuma, kwa, kwa, kwa.
Nikaongeza sauti. Spika ikakohoa.
Kabugho akageuka, maiki mkononi:
“Ithungu, upo?”
Nilikuwepo. Nilikuwa nimeloa jasho.

Tukapumzika. Chai ya tangawizi, chapati moja kwa watatu.
“Tufanye haraka,” Kabugho akasema, “saa tatu hii,
saa nne naingia zamu hospitali.”
Nikatupa jicho kwenye saa ya ukutani.
Mkono mfupi ulikuwa umelala kushoto,
juu ya tisa.

Juu ya tisa.

Nikaweka kikombe chini.
Nani kwetu aliwahi kusoma saa kwa namba?

Besi nikairudisha kushoto, tisa ya kuandikwa, tatu ya kutamkwa.
Midi nikaipandisha mpaka mbili, ndiyo nane yetu.
Trebo nikaisimamisha wima, adhuhuri,
haiongezi wala haipunguzi.
Nikaitoa konani hatua mbili, waya ukanyooka kama ugomvi,
nikaikalisha juu ya kreti ya kweli.

Peke yake ilisikika vibaya, nisiseme uongo.
Ya puani, kavu,
kama mwalimu anayeita majina ya watoto.
Ndungo akakunja uso.
“Piga tu,” nikamwambia.

Akapiga.
Na kila mguu wake uliposhuka, noti yangu ilisimama
juu yake kidogo, ina mwanzo, ina mwisho,
ina jina, na likiitwa inaitika.
Ule mngurumo nilioupenda usiku
ulikuwa mzigo wa lori juu ya baiskeli:
inchi nane hazibebi, zinahema tu,
na kinachoanguka njiani chumba kinakiokota
na kukizungusha mpaka kinakuwa uji.
Kina kilikuwa cha Ndungo tangu mwanzo.
Changu kilikuwa pale katikati,
panapokaa sauti ya mtu akisema na mwenzake mezani,
mahali nilipopafunga kwa mkono wangu mwenyewe
nikasema besi hii haisikiki.

Kabugho aliimba beti zote bila kugeuka.
Akaondoka mbio, kamba za viatu hazijafungwa.

Jioni nikamwandikia Syahuka:
Kumbe uliandika saa za Kiswahili.

Alijibu usiku wa manane, toka zamuni:
Kwani ulitaka za nani?