Nta Nambari Arobaini na Moja

Kila alfajiri nazunguka kisiwa na daftari la mraba,
nainama penye kila kijiti chenye utepe mwekundu,
naokota kipande cha nta kilichokandwa na karanga,
nakigeuza juani.
Hakina jino. Naandika: hapana.
Hakina jino. Naandika: hapana.

Kisiwa chenyewe kidogo; ukipiga chafya kaskazini
kusini wanakuombea afya.
Hakina shule wala duka. Kina mawe, matete,
na mavi ya ndege yaliyoganda kama chokaa.
Zamani, asema Nalukwago wa Bukasa, shakwe walipoinuka
kivuli chao kilipoza chai sufuriani.
Mwaka juzi nilihesabu mayai: maganda, maganda,
ganda lenye tundu,
unyevu wa kiini juu ya jiwe.

Ssebugwawo, aliyekuja kutoka Entebbe na masanduku ya sumu,
aliuliza kambini: panya walifikaje huku,
na maji pande zote?
Wavuvi wakasema upepo. Wakasema laana. Wakasema serikali.
Mimi nilikoroga posho.

Maana ni mimi niliyelipakia lile gunia
la unga kutoka Masaka, mwaka ule wa mvua,
nikalisikia likikwaruza chini ya unyayo wangu,
nikajiambia ni mashua inakohoa.
Gunia moja tu. Panya wawili labda,
mmoja mwenye mimba.

Siku mia na kumi na mbili sasa: hapana, hapana.
Tukitimiza miaka miwili bila jino, asema Ssebugwawo,
tutachinja mbuzi.
Nilizoea kulala na vishindo juu ya mabati;
siku hizi kimya ndicho kinachoniamsha.

Leo, nambari arobaini na moja, penye mwamba uliopasuka:
mistari miwili, myembamba, sambamba,
kama mtoto aliyejaribu kalamu.
Moyo ukanidunda kwa hofu
na, nisifiche, kwa kumtambua.
Kabaki mmoja. Anamtafuta mwenzake harufu kwa harufu
katika kisiwa asichokichagua.
Shakwe naye hakuchagua.
Mimi nilichagua unga wa bei nafuu.

Hatua tano kutoka hapo, kwenye kishimo cha nyasi,
yai moja, rangi ya matope, lenye madoadoa.
Naliwekea kiganja bila kuligusa. Lina joto.

Naandika: ndiyo.
Naandika kando yake jina langu, na neno gunia.
Kisha nashuka upesi kumwita Ssebugwawo,
kabla usiku haujarudi.